Nafasi Kando ya Mama

Nyumba ya Akina Mama, Kihonda
Morogoro
12 Februari 2023

Kaka Yeremia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaanza kwa kununa kwamba dada mtawa hukumbuka kuandika akiwa na shida tu. Nuna kwanza, kisha endelea kusoma.

Anayekuletea barua hii anaitwa Sabra, binti wa Kisaki, umri wake miaka ishirini na miwili. Aliolewa akiwa mdogo mno, akazaa mtoto aliyekufa, mume akamrudisha kwao. Kwao nako mama alishafariki na baba ana mke mwingine asiyetaka hata kumwona. Amekaa kwangu tangu mwaka juzi. Alifanyiwa upasuaji, haukufanikiwa, na madaktari wanataka apumzike miezi kadhaa, ale, anenepe, ndipo wajaribu tena. Hapa nyumba imejaa, wanawake wanalala wawili wawili, na juzi nimepokea wengine kutoka Gairo. Siwezi kumfukuza mtu, na siwezi kutengeneza kitanda kwa maombi.

Naomba akae katika nyumba ya mama. Najua imefungwa tangu tulipomzika. Fukuza popo, kaza kitanda kamba mpya. Ni binti wa adabu, wala si mvivu. Tumbo bado linamsumbua, kwa hiyo usimbebeshe mizigo.

Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Ukipanda kilimani kutafuta mtandao, nikumbuke. La sivyo andika, umpe Anselmi akishusha ndizi sokoni.

Dada yako,
Sista Kristina


Tegetero
9 Machi 2023

Mdogo wangu Kristina,

Marahaba. Milele amina. Kilimani sipandi, goti halitaki. Tena simu ni kitu cha kukatikakatika. Barua mtu unaisoma umekaa, ukaitukana vizuri.

Umenidanganya. "Tumbo linamsumbua"! Hakukaa hata juma moja nikajua. Mkojo, Kristina. Binti wa watu unamtoka mchana na usiku bila yeye kutaka, na wewe mtumishi wa Mungu unaniandikia tumbo. Ungesema fistula ningeelewa, redio ninayo. Uliogopa nitakataa? Huenda ningekataa. Lakini ungeniachia nikatae mwenyewe.

Sasa sikiliza. Alikuwa anaamka alfajiri kushuka mtoni na vitambaa vyake, kule chini kabisa ambako watu hawachoti, ili asimuudhi mtu. Mteremko ule hata mbuzi hujifikiria. Nikaona huu ni ujinga. Nimekata mianzi, nimeyavuta maji ya kijito cha juu mpaka nyuma ya nyumba ya mama, nimemzungushia uzio wa matete. Anafua hapo, anaanika hapo, hakuna wa kumtazama. Wanawake wa jirani walianza kuziba pua, nikawauliza ni nani kati yao aliyezaliwa pakavu. Tangu hapo pua hazizibwi.

Analala kwenye kitanda cha mama. Wewe unajua maana ya jambo hilo kwetu, au utawa umekusahaulisha? Mama alizaa wawili, mimi na wewe. Wanangu ni wa ukoo wa mama yao, wana mashamba yao huko, hilo halina ubishi. Wa kuendeleza tumbo la mama ulikuwa wewe peke yako, nawe ukavaa shela ya kitawa. Mama hakukulaumu mbele za watu, lakini mimi nilimsikia akilia jikoni. Nikifa, nyumba na shamba vinakwenda kwa akina Dadi, tumbo la mama mdogo, na sisi tumekwisha.

Sikuandikii haya nikuumize. Ni kwamba juzi asubuhi niliona moshi unatoka kwenye paa la mama, nikasimama njiani na jembe langu nikashindwa kuendelea.

Kaka yako,
Yeremia


Tegetero
28 Mei 2023

Sista Kristina,

Shikamoo Sista. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na mjomba Yeremia hajambo ila goti. Ananigombeza kila siku kwamba sili, halafu chakula anachonipa kingemtosha mtu anayejenga barabara. Nimenenepa. Ile sketi ya bluu uliyonipa haifungi tena.

Jumapili iliyopita kulikuwa na shughuli hapa. Ukoo wenu ulikuja wote, wa kanisani na wa msikitini, na mzee Sufiani ndiye aliyekaa mbele. Walikwenda kwenye kaburi la bibi wakamimina maji ya unga, wakaongea naye. Kisha wakanipaka unga kwenye paji la uso, wakaniita Chausiku, jina la bibi. Mjomba alisimama akasema wewe umenileta badala yako, kwamba ulichukua muda lakini hatimaye umemletea mama mjukuu wa kike. Vikongwe walipiga vigelegele, mmoja akanikumbatia na hakuziba pua. Mzee Sufiani akasema nikishapona nitafutiwe mume mwema, nyumba ijae watoto.

Sista, ndivyo ulivyosema kwa kaka yako? Kama sivyo, sijui kama nilitakiwa kukataa. Watu wengi hivyo hawajawahi kuniita kwa wema kwa wakati mmoja. Nikajikuta naitikia.

Wako mtiifu,
Sabra


Kihonda
17 Juni 2023

Mpendwa Sabra,

Barua hii isome peke yako, ukiwa umekaa.

Kwanza kosa langu. Mimi sikukuleta badala yangu. Nilikupeleka kwa sababu sikuwa na kitanda, basi. Nimeishi na masista tangu nikiwa msichana, nikasahau kwamba kwetu mwanamke halazwi kitanda cha marehemu mama mwenye nyumba kama si wa tumbo lake. Kaka yangu ameona nilichofanya, akakisoma kama Mluguru yeyote angekisoma. Amengoja miaka mingi kuona kitu hicho, maskini.

La pili ni zito, na nimelichelewesha kwa woga. Siku ile uliyohangaika kujifungua, kizazi chako kilipasuka. Wakakitoa ili kuokoa roho yako. Daktari aliniambia ulipofika kwangu, akaomba nikueleze ukipata nguvu. Kila nikipanga kukueleza, nakukuta unacheka na wenzako pale kwenye kamba ya nguo, nami nasema si leo. Mwanangu, hutaweza kuzaa. Nisamehe kwamba unalisikia kwenye karatasi. Ningepanda mwenyewe, ila nina wagonjwa wawili ambao siwezi kuwaacha.

Lia unavyotaka. Ukimaliza, niandikie.

Sista Kristina


Tegetero
30 Juni 2023

Sista,

Shikamoo. Najua.

Nilijua kabla hata sijakufahamu wewe. Mume wangu aliniambia siku aliyonirudisha. Alisimama uani kwa baba akasema mbele ya majirani wote kwamba anarudisha debe tupu, tena linalovuja. Baba akaingia ndani.

Sikukwambia kwa sababu niliona unanificha kwa upendo. Ulikuwa ukianza kusema, halafu unaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema moyoni, ngoja nimwache Sista aendelee kunificha, maana hakuna mwingine aliyewahi kuona nastahili kufichwa jambo.

Kwa hiyo mimi ndiye mwongo. Walipokuwa wananipaka unga nilijua wanapaka nini na kwa matumaini gani. Nilijua, nikainamisha kichwa wanipake vizuri.

Tafadhali usimwambie mjomba. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu. Nimepanda maharage karibu na mianzi ya maji, yameanza kutambaa. Jioni mjomba huja kukaa barazani ananisimulia habari za mama yenu, alivyokuwa mkali, alivyokuwa akisuka ukili huku anaimba. Ananisimulia ili niwasimulie wanangu. Niache nikae kwao hata msimu mmoja tu.

Sabra


Kihonda
5 Agosti 2023

Mpendwa Sabra,

Madaktari bingwa wanakuja Septemba na jina lako nimeliandikisha. Shuka na Anselmi mwisho wa mwezi huu.

Barua yako nimeisoma kanisani, na sikuweza kusali baada yake. Sitamwambia kaka yangu. Hili ni lako, la mwili wako, na wamelisema wengine mbele za watu pasipo idhini yako; mimi sitakuwa mmoja wao. Lakini siku nikisikia wanakuletea mume, sitanyamaza. Wanawake wote waliopita katika nyumba hii nimewaambia kitu kimoja: aibu si yako, iseme kwa mdomo wako ikutoke. Siwezi kukufundisha wewe kinyume kwa sababu tu aliyedanganywa ni kaka yangu.

Ila naogopa, Sabra. Kwa ajili yako, na kwa ajili yake pia.

Sista Kristina


Wodini, Morogoro
4 Oktoba 2023

Mjomba Yeremia,

Shikamoo mjomba. Nimekauka. Walinitoa mpira wa mkojo jana, nikangoja, na hakuna kilichotoka. Nimelala kwenye shuka kavu na asubuhi nililishika kila mahali, muuguzi akanicheka. Wewe ndiye wa kwanza ninayekuandikia.

Sasa nakuambia lingine, na ukishalisoma hutakuwa na haja ya kunijibu. Mimi sitazaa. Kizazi changu kilitolewa siku mtoto wangu alipokufa. Nililijua hilo siku mliponipaka unga. Sista hakukuletea mjukuu wa mama, alikuletea mgonjwa. Mjukuu nilijifanya mimi, kwa sababu nilipenda kuwa wa kwenu.

Sitarudi Tegetero kukutia aibu mbele ya ukoo. Jina la bibi nalirudisha, na nguo zake ulizonipa nivae nimeziacha kitandani, nimezifua. Maharage ya kwenye mianzi yamekomaa, usiyaache yakapasukia shambani.

Umenitendea mema ambayo baba yangu hakunitendea. Nisamehe.

Sabra


Kihonda
11 Desemba 2023

Kaka Yeremia,

Shikamoo. Oktoba imepita, Novemba imepita, na wewe kimya. Anselmi namuuliza, ananijibu, "Mzee yupo," kisha anageukia ndizi zake. Kama umekasirika, nikasirikie mimi. Mimi ndiye niliyemlaza kitandani kwa mama bila kufikiri, mimi ndiye niliyejua nikanyamaza. Mtoto amekuambia ukweli akiwa bado na nyuzi tumboni. Wazima wangapi wangeweza?

Amepona mwili. Anawafulia wagonjwa wapya na kuwafundisha kujisitiri. Lakini kila Anselmi akifika na ndizi, anakwenda mpaka getini, anasimama kidogo, kisha anarudi na haulizi kitu. Chakula anakisukumasukuma tu. Alipofika kwangu mara ya kwanza, akilowana mchana kutwa, alikuwa na furaha kuliko sasa.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata muungamishi wangu. Nimewahudumia wanawake wengi, kaka, na wengi wamepona, na siku ya kuondoka nawafungia nguo zao na sijui nawapeleka wapi. Nawapa uzima, kwao siwezi kuwapa. Wengine hurudi kulekule walikofukuzwa. Wengine siwasikii tena. Huyu mmoja alikuwa amepata kwao, na nadhani amekupoteza kwa sababu yangu.

Andika hata neno moja. Hata tusi.

Kristina


Tegetero
21 Januari 2024

Mdogo wangu Kristina,

Tusi ninalo, lakini limepoa.

Ilipofika barua ya Sabra niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini pale pale shambani. Sikufichi, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia wewe, na Mungu wako nikamweleza mambo ambayo padri asingependa kuyasikia. Niliona mmenichezea, mimi mzee mzima. Siku chache baadaye nikaenda kuyavuna maharage yake, kwa hasira vilevile, maana chakula hakina kosa. Nikateleza na tenga mgongoni. Lile goti bovu likavunjika kabisa. Nimelala karibu miezi miwili, nimemkataza Anselmi asikuambie, ungeacha wagonjwa wako ukaja kunisumbua.

Ukilala muda mrefu unasikia mengi. Nilisikia maji ya mianzi yanamwagika nyuma ya nyumba ya mama na hakuna wa kuyakinga. Hilo ndilo lililonishinda. Hasira zikaisha, kikabaki kilio. Nimelia, Kristina, mzee mzima. Nimelilia tumbo la mama kwamba limekwisha kweli, safari hii bila matumaini ya uongo. Halafu nikamlilia yule binti kwamba alijua, akakaa barazani akinisikiliza nikimpangia watoto, akaitikia "ndiyo mjomba." Hivi aliwezaje?

Nilipoweza kusimama na fimbo niliita ukoo. Sikutaka waisikie habari hii njiani. Niliwaeleza yote mwenyewe. Dadi hakunicheka, ameonyesha utu. Lakini walichoamua ni kile ulichokitarajia: shamba na nyumba, nikifa mimi, ni vya mabinti wa dada zake. Sikubisha. Ndivyo ilivyo, na tumbo lililokwisha lingekuwa lao ningesema hayohayo. Nikiwa hai Sabra atakaa. Nikifa, ataambiwa ahame, kwa upole, lakini ataambiwa.

Basi nikawauliza habari ya makaburi. Makaburi kwetu hayagawanywi na akina Dadi wala mtu yeyote. Kushoto kwa mama kuna mahali pako. Tulipaacha siku tunamzika, nilipima mimi mwenyewe kwa mpini wa jembe. Mzee Sufiani akafikiri, akasema mahali pa mtu aliye hai hapana ruhusa kuguswa, ila mwenyewe anaweza kumpa amtakaye. Ukoo wote ukaitikia.

Wewe masista watakulaza kwao, kwenye ile safu yenu ya misalaba myeupe. Hapo kwa mama pa nini tena? Mpe Sabra. Najua ni ajabu, binti wa umri ule kupewa kaburi. Ndicho kilichobaki. Tena si kidogo. Mwenye mahali pale si mgeni. Anakuja kupalilia makaburi ya kwao, na anayekuja kupalilia hanyimwi maji wala pa kulala, awe nani mwenye nyumba. Hata mimi nikiwa sipo atakuwa na pa kufikia, na siku moja pa kubaki.

Andika kwa mkono wako. Nitausomea ukoo. Mwambie mtoto apande na Anselmi, maharage niliyavuna, na jina la bibi halirudishwi kama sufuria ya kuazima.

Yeremia


Kihonda
2 Februari 2024

Kaka Yeremia,

Shikamoo, na pole sana na goti. Ningekuja, tena ningekugombeza.

Barua yako nimempa Sabra aisome. Alifika mahali pa maji ya mianzi akashindwa kuendelea, nikamsomea mimi. Anafunga nguo zake sasa hivi ninapoandika.

Ulidhani mahali pale sipahitaji. Hukuniuliza, nami sikuwahi kusema. Kaka, nilimwomba Mama Mkuu ruhusa ya kuzikwa Tegetero. Si kawaida yetu, alisita mwaka mzima, na majilio yaliyopita, kabla ya Krismasi, akanikubalia. Nilipanga kukuambia ana kwa ana nione uso wako. Mama alilia jikoni nikiwa sipo, na nilijiambia kwamba kama sikumpa mjukuu, walau nitarudi nilale karibu naye, nimwombe radhi kwa utulivu, kwa muda wote uliobaki. Ndiyo zawadi pekee niliyopata kuiombea nafsi yangu katika utawa wangu. Leo asubuhi nimekwenda kumwambia Mama Mkuu kwamba siihitaji tena. Nimelia njia nzima kurudi, na sijutii.

Wasomee ukoo haya, kama yalivyo:

Mimi Kristina, binti wa Chausiku, sikuzaa. Nilichagua mwenyewe, na mama yangu sikumwomba ruhusa. Sabra, mliyempa jina la mama yangu, ni mwanangu. Mahali pangu kushoto kwa mama nimempa yeye, nikiwa hai na mwenye akili timamu, wala sitapadai. Siku yake ikifika, Mungu aiweke mbali, mchimbieni hapo, na mtu yeyote asiulize huyu ni wa nani.

Kristina,
mama yake Sabra